Zamu Yetu Haijakabidhiwa

Katika kazi ya reli hakuna mtu aliyeacha zamu kabla ya kukabidhi. Dereva aliyeshuka kwenye injini alimweleza anayepanda maji yamebaki kiasi gani, breki inashika vipi, na beringi ipi imeanza kupata joto. Stesheni masta alikabidhi daftari la treni, funguo na tokeni za njia, mwenzake akakagua, akatia sahihi. Hata kama mkeo alikuwa hospitali anajifungua, ulisubiri sahihi ile. Sisi tuliolelewa na utaratibu huo ndio tulioondoka reli bila kumkabidhi mtu chochote. Jambo hilo limenikaa moyoni tangu nistaafu, na ndilo linalonifanya kila asubuhi, chai ikishateremka, nikae barazani kwangu hapa Voi, mbele ya jiliwa niliyoikaza kwenye meza ya mvule, nitengeneze treni ndogo.

Majirani waliohamia karibuni hudhani mzee amerudia utoto. Siwalaumu, maana kwetu kazi hii haijazoeleka. Huko Ulaya ina heshima yake ya siku nyingi. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni zake za kuchezea na reli zake kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, naye Frank Hornby wa Liverpool akaanza kuuza za kwake mwaka 1920. Wazee wa Uingereza waliostaafu hujaza vyumba vya darini kwa stesheni, madaraja na vijiji vya kipimo cha 1 kwa 76. Mjini Hamburg liko jumba zima la treni ndogo, Miniatur Wunderland, lililofunguliwa mwaka 2001, na watu hufunga safari kwenda kulitazama. Mwenzetu wa huko akitaka injini huingia dukani akatoka na sanduku. Injini niliyoifanyia kazi mimi sijaiona katika duka lolote nililowahi kufika. Anayeitaka sharti aichonge.

Injini yenyewe ni ya daraja la 59, sisi tukiiita fifti-naini. Zilijengwa 34 na kiwanda cha Beyer, Peacock kule Gorton, Manchester, zikaletwa kwetu mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu uliozidi mita 31. Ni injini ya namna ya Garratt, jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyesajili ubunifu wake mwaka 1907. Boila moja kubwa limelazwa katikati, na ncha zake mbili zimeegemea mitambo miwili inayojitegemea: wa mbele uko chini ya tangi la maji, wa nyuma chini ya tangi la mafuta mazito. Kila mtambo una silinda mbili na magurudumu manane ya kuvutia. Treni ikiingia kwenye kona, kila mtambo hugeuka peke yake na boila likabaki limenyooka kati yao. Kwa njia ya upana wa mita 1 tu, inayoanza usawa wa bahari Mombasa na kupanda mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, hilo lilikuwa jawabu la kweli. Iliweza kuvuta tani 1,200 mlimani. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita 1, popote duniani, iliyokuwa nzito au yenye nguvu kuliko hiyo.

Nayo ilikuwa nzuri kutazama. Ilipakwa rangi ya damu ya mzee, na kila moja ilivaa kibao chenye jina la mlima wa Afrika Mashariki: Kenya, Kilimanjaro, Elgon, Meru, Rwenzori na mingineyo. Kila injini ilipewa madereva wake maalumu, wawili na mafayamani wao, wakipokezana njiani. Wawili wakiwa kazini, wawili walilala katika behewa lao lililofungwa nyuma ya injini. Dereva aliifahamu injini yake kwa sauti. Walikuwapo Masingasinga waliong'arisha shaba na vyuma vya kibanda mpaka ukaona haya kuingia na viatu vyenye tope. Sisi mafundi tuliwaogopa, maana ukirudisha kifuniko kimepinda walikiona kabla hujashuka ngazi.

Nimechagua kipimo cha 1 kwa 50, hesabu yake inaingia kichwani bila kalamu: mita moja ya kweli ni sentimita mbili mezani. Njia yangu ina upana wa milimita 20. Injini inakuwa na urefu wa sentimita 63 na ushei. Gurudumu la kuvutia, lenye kipenyo cha mita 1.37, linashuka hadi milimita 27, likaizidi kidogo sarafu ya shilingi 20. Boila nimelitoa kwenye bomba la plastiki la fundi wa maji, nikalivika bati la kopo la mafuta ya kupikia. Mota nimeichomoa kwenye printa iliyokufa ya duka moja la fotokopi hapa mjini, nayo inaendeshwa na betri ya pikipiki. Konrodi na fimbo za vali nachonga kwa tupa kutoka kwenye spoku za baiskeli na vipande vya rula ya chuma.

Kinachokula siku ni ribiti. Tangi la maji la fifti-naini lilijaa vichwa vya ribiti kwa mistari iliyonyooka, na macho ya mtu wa reli huzitafuta hizo kwanza. Nalaza bati kifudifudi juu ya soli ya kandambili, nachora mstari kwa sindano, kisha nagonga kwa msumari niliousaga ncha ikawa butu. Ukigonga kwa nguvu bati linatoboka, ukigonga kwa woga ribiti haionekani upande wa pili. Mkono ukishapata kipimo chake, ubavu mzima wa tangi unakwenda kwa mdundo mmoja, na siku hiyo hata nikiitwa kula nasema bado.

Halafu mataruma. Sehemu kubwa ya njia yetu ililazwa juu ya mataruma ya chuma, maana ya mbao yangekuwa chakula cha mchwa. Taruma la chuma lina mgongo uliokunjwa na ncha zilizoinama chini ili ziume kokoto. Nayakunja moja moja kwa koleo, kutoka kwenye makopo yale yale. Mtu aliyewahi kunitembelea aliniuliza kwa nini nisichore mistari tu juu ya ubao, maana yakishafunikwa kokoto hayaonekani. Baba yangu alikuwa katika genge la njia. Aliyabeba mataruma yale begani, yakiwa yamekwisha kuchomwa na jua la Tsavo, tangu kabla sijazaliwa mpaka nilipokuwa kijana. Siwezi kuyachora.

Hapo ndipo ilipo habari ya kizazi changu, na haieleweki bila kizazi cha baba. Wao waliikuta reli yenye ngazi tatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwafrika alikuwa genge, mbeba mizigo, msafishaji wa boila, na akibahatika sana, fayamani au karani wa chini. Nyumba zilifuata ngazi hizo, na vyumba vya kusubiri treni vilevile. Baba aliijua njia yake yote. Alfajiri alitembea kipande chake na nyundo na spana ndefu, akigonga reli na kusikiliza, akikaza kilicholegea. Alijua wapi maji ya mvua yatakula tuta kabla mvua haijanyesha. Wala hakuna aliyemwita fundi.

Sisi tuliozaliwa miaka ya 1950 tulikuta mlango umefunguliwa. Nilianza uanagenzi mwaka 1972 katika karakana kuu ya Nairobi, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lingali moja. Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kipande cha chuma, tupa na bati nene. Ulitakiwa uchonge mraba uingie katika tundu ulilolichonga mwenyewe, uingie kwa pande zake zote nne, na mwalimu akiuinua juu ya dirisha mwanga usipenye. Wengine walilia. Kulikuwa na mwanagenzi wa Tabora, mwingine wa Jinja, mwingine wa Kisumu, na mimi wa hapa Taita, sote kwenye benchi moja, mikono imevimba. Tulipotoka pale tulikuwa na kitu ambacho baba zetu walinyimwa: ruhusa ya kuufungua mtambo mzima, kuutandaza sakafuni, na kuurudisha ukatembea.

Nadhani vijana hawajui furaha ile ilikuwa na uzito gani. Kijana aliyemwona baba yake akisogea pembeni ya njia Mzungu apite kwa kigari cha ukaguzi, sasa ndiye anayetia sahihi kwamba injini ya tani 252 iko salama kutoka Nairobi usiku na abiria mia kadhaa. Tuliuchukua wajibu ule kwa moyo wote. Ninaposikia watu wakisema kizazi cha uhuru kilipata kazi za bure na kikazembea, naona hawakuwahi kuingia karakana saa 9 ya usiku na kumkuta mtu amelala chali chini ya silinda, mafuta yakimdondokea usoni, kwa sababu treni ya asubuhi sharti iondoke.

Na nyumbani walikuwako kina mama. Uhamisho ulikuja kwa karatasi: leo Voi, mwezi ujao Makindu, baadaye Nakuru. Mwanamke wa mtu wa reli aliijua kazi ya kufungasha nyumba nzima kwenye behewa kwa siku moja, kuku wakiwa kwenye tenga, na kuanza upya kwa majirani asiowajua. Katika kota za reli ukuta mmoja ulikutenganisha na Mluo, mwingine na Mkamba, mbele yako Mluhya, nyuma yako Mhaya. Bomba la maji lilikuwa moja. Kiswahili tulichowalea nacho watoto kilitoka kwenye foleni ya bomba lile, na watoto wetu wengi walikua hawana lugha nyingine ya kugombania mpira. Mke wangu huniambia nikitengeneza Voi nikasahau bomba la kota nitakuwa nimetengeneza kituo cha mizimu. Bomba lipo, na ndoo zake.

Maana kwa sasa natengeneza Voi, Voi ya mwaka 1974 hivi. Chumba nilichokitenga kina urefu wa mita 4, na kwa kipimo changu hizo ni mita 200 tu za ardhi ya kweli. Treni moja ya mizigo ya wakati ule ilizidi hapo. Kwa hiyo kila mwenye kazi hii, awe hapa au Manchester, sharti aamue nini kibaki na nini kiondoke, na uamuzi huo ndio unaoonyesha mtu anaipenda reli gani. Nimeiacha nyumba ya ofisa. Nimeacha sehemu kubwa ya bohari. Nimeweka tangi la maji na bomba la kunyweshea injini, kibanda cha mpigaji njia, na akina mama wauza ndizi na mahamri wanaokimbilia madirisha ya daraja la tatu. Nyuma nimeuweka mlima Sagalla, bila huo hakuna mtu wa huku atakayekubali kwamba hapa ni Voi. Na nimeweka ile njia inayojitenga kuelekea Taveta, ndiyo iliyonifanya nichague stesheni hii badala ya nyingine yoyote.

Njia ya Taveta ilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakiwafuata Wajerumani, ikaunganishwa na njia ya Tanga na Moshi pale Kahe. Baadaye, mwaka 1963, kipande cha Mnyusi hadi Ruvu kikaiunganisha njia ya Tanga na reli ya kati ya Tanganyika. Reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kufika Kasese mwaka 1956, na tawi la Mpanda lilikuwa wazi tangu 1950. Tafakari maana yake. Behewa moja lingeweza kupakiwa Kasese, chini ya Rwenzori, likapita Kampala, Nairobi, Voi, Kahe, Ruvu na Tabora, likashushwa mzigo Mpanda, na kufuli lake halijafunguliwa njiani. Spea ilikuwa moja, kanuni ilikuwa moja, sare ilikuwa moja. Fundi wa Dar es Salaam akija Nairobi alijua kila spana imetundikwa wapi. Nchi zetu tatu zilikuwa na mambo machache yaliyofanya kazi pamoja kila saa ya usiku na mchana, na reli ilikuwa mojawapo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983, na shirika likagawanywa matatu. Wenzetu wa benchi moja walirudi kwao. Aliyekuwa na nusu ya injini mikononi aliiacha pale pale sakafuni. Hakukuwa na mtu wa kutia sahihi. Nao mvuke ulikuwa unafika mwisho: dizeli zilikuwa zimekwisha kuzisukuma fifti-naini pembeni, na kufikia mwaka 1980 hazikuwa kazini tena. Nyingi zikakatwa kuwa vyuma chakavu. Niliona gesi ya kukatia ikipita kwenye matangi ambayo ribiti zake nilikuwa nikizipapasa kila wiki. Zimebaki mbili, zote katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Moja ni namba 5918, Mount Gelai. Ya pili ni 5930, Mount Shengena, ambayo iliwahi kufufuliwa na kuwashwa moto tena kwa safari maalumu. Gelai uko Longido, karibu na Ziwa Natron. Shengena uko Upare, wilaya ya Same. Basi injini mbili zilizosalia za fahari ya reli yetu ya pamoja ziko Kenya, na zote mbili zina majina ya milima ya Tanzania. Huwa nawaambia wajukuu wayasome majina hayo kwa sauti, wajue kuna wakati haikuwa ajabu.

Baada ya hapo kizazi changu kilifanya kazi miaka mingi kikishuhudia vitu vikipungua. Stesheni ndogo zikafungwa moja baada ya nyingine, treni zikachelewa, kisha saa zikageuka siku. Wengi wetu tulipewa barua za kuondoka kabla ya umri, na mafao yakasuasua. Sitaki kukaa hapo. Lililoniuma zaidi ni kwamba siku ya mwisho hapakuwa na kijana aliyesimama kando yangu. Hakuna wanagenzi waliokuwa wameajiriwa kwa muda mrefu. Nilifunga kabati, nikarudisha vifaa bohari, karani akahesabu spana. Spana zikawa kamili. Hakuna aliyeuliza kichwani nimebeba nini.

Wageni wanaofika Voi kwenda mbugani huuliza simba. Kila mmoja ameisikia habari ya simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, nami nawaelekeza kwenye daraja la Tsavo kwa adabu. Lakini simba wale walikuwako miezi michache. Watu walioiendesha njia ile usiku na mchana kwa karne nzima na zaidi hawana mtu anayewaulizia, na wanazikwa kimya kimya, mmoja mmoja, huko Rabai, Makindu na Kibwezi. Hilo nalikataa. Kwa mikono yangu hii, kwa kadiri ninavyoweza, nalikataa.

Jumamosi jioni wenzangu waliobaki hufika. Mmoja alikuwa dereva, mmoja gadi, mmoja mpigaji njia, na mwingine alikuwa akinywesha injini maji pale pale Voi. Huja kukagua, wala hawaji kusifu. Dereva huinama mpaka pua iguse meza.

"Ngazi hii ina vidato vinne. Mimi nilipanda vitano."

"Vinne, bwana. Cha tano ni sakafu ya kibanda."

"Mguu wangu unakumbuka vitano."

Tunaweza kuumaliza usiku kwa kidato kimoja. Gadi ataleta picha ya harusi ya dadake, iliyopigwa stesheni, ambayo nyuma yake injini imeonekana nusu. Tutaisogeza karibu na taa. Mpigaji njia, ambaye kwa kawaida haongei, atasema jambo ambalo hakuna kitabu kinalo: kwamba mvua ikinyesha wenzo wa njia ya Taveta ulikuwa mgumu, ukiuvuta sharti uweke mguu wa kushoto kwenye jiwe, na jiwe hilo lilikuwa na alama ya buti. Kesho yake naliweka jiwe. Ni dogo kama punje ya mchele, na hakuna atakayeliona asipoonyeshwa, lakini nikilionyesha nitalazimika kusimulia ule wenzo, na nikiusimulia huo nitasimulia usiku treni mbili zilivyopishana Voi, nani alishika tokeni, nani aliwasha taa. Michoro ya kiwanda cha Beyer, Peacock imehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Manchester, na nashukuru kwamba imehifadhiwa. Haina jiwe lile.

Sina kinyongo na reli mpya. Reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 nilikwenda kuitazama stesheni mpya ya Voi, nikakaa mpaka treni ikapita. Mwaka 2024 Tanzania nao wakaanza kuendesha treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Mfanyakazi wa reli anayechukia treni kwa sababu ina kasi kuliko yake hajawahi kuipenda reli. Vijana wanaoziendesha ni hodari. Kompyuta huwaonyesha hitilafu iko wapi, wakati sisi tuliitafuta kwa kiganja: unagusa beringi, unahesabu kimoyomoyo, ukishindwa kuvumilia kabla ya hesabu kwisha, injini haiondoki. Siwaombi warudie kiganja. Nataka wajue kwamba kabla ya kuufungua mtambo tuliuzunguka wote kwanza, tukiangalia, mikono mfukoni. Kwamba tuliandika tulichokikuta hata kama kilitutia aibu. Kwamba hapakuwa na kazi ya mtu wa jana: ukishatia sahihi, ubovu ni wako. Mambo hayo yanatoshea kwenye reli ya umeme kama yalivyotoshea kwenye mvuke, na naamini sehemu kubwa ya yaliyoharibika katika taasisi zetu yaliharibika pale watu walipoanza kupokea zamu bila kuikagua.

Yupo binti anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi ya matatu. Alikuja kwanza kuniuzia risasi ya kulehemu, akasimama kuangalia ninavyounga waya wa taa ya mbele.

"Babu, moto wako ni mwingi. Utachoma plastiki."

"Basi kaa hapa unionyeshe, mwanangu."

Akakaa. Mkono wake una utulivu ambao wangu umeanza kuupoteza, na macho yake hayahitaji kioo. Sasa taa zote za Voi ni kazi yake: za jukwaani, za kota, ya mbele ya injini. Siku moja aliniuliza kwa nini mitambo miwili ya Garratt haigongani kwenye kona. Nililiondoa boila, nikampa mitambo miwili mkononi, nikamwambia aipitishe mwenyewe kwenye njia. Akaipitisha polepole, akarudi, akapitisha tena. Kisha akauliza swali ambalo mwalimu wangu wa Nairobi alilisubiri kwetu kwa mwezi mzima: bomba la mvuke linalotoka kwenye boila linapitaje kwenye maungio yanayocheza bila kuvuja? Nilimweleza yale maungio ya mpira wa chuma ndani ya kikombe, na nikachukua daftari nikamchorea. Aliomba aende na daftari nyumbani. Nikamwambia aandike jina lake na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, na hali ya daftari alivyolikuta.

Kazi iliyo mbele yetu bado ni kubwa. Injini haijapakwa rangi, maana wenzangu hawajakubaliana damu ya mzee ile ilikuwa nyeusi kiasi gani ikiwa mpya na ilififia vipi kwa jua. Njia ya Taveta inafika mpaka ukingo wa meza tu. Sina picha nzuri ya banda la injini la hapa upande wa mashariki, na aliyefanya kazi humo zaidi yetu sote alifariki mwaka jana. Nilipokwenda matangani niliuliza habari ya vitabu vyake. Mjane, mama wa watu aliyeishi kota tatu tofauti kwa ajili ya kazi ile, aliniambia karatasi za mzee amewapa wauza karanga wa stendi, kwa kuwa hakuna aliyezitaka. Nilipita kwa wauza karanga wote. Nilipata kurasa chache, moja ina mafuta na chumvi lakini inasomeka: orodha ya injini zilizooshwa boila, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi, mistari imenyooka.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma haya, hasa wajane na watoto wa watu wa reli, kuanzia Changamwe mpaka Malaba, na wenzetu wa Tanga, Moshi, Tabora, Kigoma, Jinja na Tororo. Fungueni yale masanduku ya chini ya kitanda. Daftari la zamu, ratiba, kitabu cha kanuni chenye jina la baba ndani, picha ya sherehe ambayo nyuma yake kuna behewa, kofia, filimbi, taa ya gadi, vyote vina mwenyewe. Msiwape wauza karanga. Akiwepo fundi au mwalimu karibu nanyi anayevijali, mkabidhini. Asipokuwepo, niko Voi, nyumba ya baraza yenye jiliwa, ukiuliza stendi utaletwa. Nitanakili ninachohitaji, nitaandika kilichokuja na hali yake, nitatia sahihi, nanyi mtatia, na kitu chenu mtarudi nacho nyumbani.